Kabla hujanunua kishikwambi cha bei rahisi, kagua kioo

Tangu makarani wa Sensa ya 2022 wapite na vishikwambi milangoni, kila mtu anakijua. Leo naongelea kile kidogo cha inchi 7 au 8 tunachotumia kupokea oda na kuchagua bidhaa.

Mimi nauza blauzi na magauni hapa Kamachumu, wateja wengi nawapata kwenye stetasi ya WhatsApp. Kishikwambi changu cha kwanza nilinunua 130,000, nikaona nimeokota dodo. Siku moja muuzaji wa jumla wa Mwanza akanitumia picha 60. Nikachagua blauzi 12, nikalipa. Mzigo umeshuka melini Kemondo, nafungua, blauzi 5 zina madoa begani! Nikampigia kwa hasira. Akanijibu taratibu, "Dada, angalia picha vizuri." Nikazifungua kwenye simu ya mdogo wangu. Kumbe madoa yalikuwemo tangu mwanzo. Ningezivuta ningeyaona, lakini picha 60 nani anavuta moja moja? Zile 5 niliziuza kwa hasara.

Shida ilikuwa kioo. Kioo kinaonyesha picha kwa vitone vidogo vya mwanga, vinaitwa pikseli. Changu kilikuwa 1024 kwa 600, yaani vitone kama laki 6. Cha 1280 kwa 800 kina zaidi ya milioni 1. Cha 1920 kwa 1200 kina milioni 2.3.

Angalia pia vitone hivyo vimesambaa kwenye ukubwa gani. 1280 kwa 800 kwenye inchi 8 ni kama vitone 189 kwa kila inchi. Hivyo hivyo ukiviweka kwenye inchi 10 vinashuka hadi 150, picha inaanza chenga. Changu kilikuwa na 170. Sasa simu ya kawaida ya inchi 6.5 yenye 1600 kwa 720 ina 270. Maana yake mteja anaona kasoro ambayo wewe huioni.

Je, ununue chenye vitone vingi kuliko vyote? Hapana. Vitone vingi vinakula chaji na vinataka prosesa yenye nguvu, la sivyo kinakuwa kizito. Kwa biashara zetu 1280 kwa 800 inatosha, hela inayobaki weka kwenye RAM, GB 3 kwenda juu, na betri. 1920 kwa 1200 waachie wanaohariri picha kila siku au wanaouza vitu vidogo kama hereni na shanga. Mimi niliongeza 90,000 tu nikapata cha kati.

Ukifika dukani:

1. Usidanganywe na boksi. "Kinacheza video za Full HD" haina maana kioo ni Full HD. Kinapokea video kubwa, kisha kinaipunguza.
2. Piga skrinishoti, fungua maelezo yake kwenye galari. Namba utakazoona ndizo vitone vya kioo.
3. Kiinamishe pembeni. Rangi zikigeuka, utamwambia mteja nyekundu kumbe ni maruni.
4. Toka nacho juani uone kama bado kinasomeka.
5. Fungua picha ya bidhaa yako mwenyewe, ulinganishe na simu yako.

Na hata ukipata kioo kizuri, kabla hujalipia mzigo vuta picha uangalie mabega, kola na mishono.