Fundi Aliyejenga Kinanda Jangwani

Msomaji mpendwa, Jumapili ijayo ukiingia kanisani, litazame benchi unalolikalia. Yuko mtu aliyelipiga randa. Pengine amekwisha kufa, na jina lake hulijui. Hata hivyo unakaa, unasali na kuimba, na kazi ya mikono yake inakubeba. Leo nataka kukupa habari za fundi mmoja wa namna hiyo, aliyeishi mbali sana, huko Marekani.

Huyu hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa Mmormoni, yaani mfuasi wa dini iliyoanzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka 1830. Mafundisho yao yako mbali na yetu katika mambo mengi, wala sikusudii kuyaeleza hapa. Lakini kazi njema ni njema po pote ilipo, na mtu mwenye bidii aweza kumfunza hata jirani asiyesali pamoja naye.

Jina lake Joseph Ridges. Alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Alikulia karibu na karakana ya vinanda, naye alipenda sana kuwatazama mafundi wakifanya kazi. Mwaka 1851, zilipovuma habari za dhahabu ya Australia, akapanda meli pamoja na wengine wengi. Huko ndiko alikoipokea dini ya Wamormoni. Na huko huko, katika mji wa Sydney, ule ufundi alioutazama utotoni ukamrudia mikononi: akatengeneza kinanda cha filimbi.

Usidhani kinanda hiki ni kama kile kidogo cha kukanyaga kwa miguu. Hiki kina filimbi nyingi, za mbao na za madini, zimesimama wima kama miti ya msituni. Mivukuto hupuliza upepo chini yake. Mpigaji akibonyeza kidole, njia ya upepo hufunguka na filimbi moja hulia. Filimbi fupi hutoa sauti nyembamba, na ndefu hutoa sauti nzito. Kila filimbi ina sauti yake moja tu, wala haiwezi nyingine. Basi fundi akikosea kidogo katika kupima, wote wataisikia kasoro hiyo.

Ridges akakitoa kinanda hicho kwa kanisa lake. Kikafunguliwa vipande vipande, kikavushwa bahari mpaka California, kisha kikapakiwa katika magari ya kukokotwa na wanyama, kupita jangwani mpaka Salt Lake City katika nchi ya Utah. Kilifika mwaka 1857. Wamormoni walikuwa wamehamia bonde lile mwaka 1847, miaka kumi tu kabla ya hapo.

Baadaye Wamormoni wakajenga jumba kubwa la kusalia, urefu futi 250 na upana futi 150. Mkuu wao, Brigham Young, akamwita Ridges afanye kinanda cha kulitosha jumba hilo. Sasa fikiri taabu yenyewe. Reli ilikuwa haijafika Utah. Ilifika mwaka 1869. Mbao nzuri zilipatikana mahali paitwapo Pine Valley, mwendo wa maili 300 hivi, zikaletwa kwa magari ya maksai. Gundi ilipatikana kwa kuchemsha ngozi za wanyama. Zile filimbi kubwa kabisa hazikuchongwa katika gogo moja. Ziliungwa kwa vipande vyembamba vya mbao, kama pipa linavyoungwa, kisha zikalainishwa mpaka zikawa mviringo.

Oktoba 1867 kinanda kikalia mara ya kwanza mbele ya mkutano. Kilikuwa hakijakwisha, filimbi zilizokuwa tayari zilikuwa 700 hivi. Lakini watu walikwisha kuimba nacho.

Na sasa, msomaji, sikiliza jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika habari hizi. Kinanda kile hakikuachwa kama kilivyokuwa. Fundi mwingine, Niels Johnson, alikipanua. Mwaka 1901 mafundi wa kampuni ya Chicago wakakifanya upya. Ridges alikuwa bado hai, mzee wa zaidi ya miaka 70. Alifariki mwaka 1914, na baada yake kikabadilishwa tena na tena. Kile kinachopigwa leo, ambacho sehemu kubwa yake ilijengwa mwaka 1948, kina filimbi 11,623.

Je, ingekuwa wewe, ungeonaje? Baba amejenga nyumba. Mwanawe anabomoa ukuta ili kuongeza chumba. Mzee ameanzisha kwaya. Kijana anafundisha nyimbo nyingine. Wengi wetu tungenung'unika, na wengine wasingekanyaga tena mahali pale. Lakini aliyetoa, ametoa. Ukimpa mtu jembe, huwezi kulishika mpini analima. Tena, kama Ridges asingeanza na zile filimbi 700, hao waliokuja nyuma wangeongeza juu ya nini?

Basi, akina baba wenye ufundi, mfanye mambo mawili. Mtoto akija kusimama kando ya meza yako ya useremala, usimfukuze; Ridges naye alianza kwa kutazama. Na siku atakapoichukua kazi yako na kuifanya kwa namna nyingine, usiione kuwa imepotea.

Maana ya Ridges haikupotea. Mbele ya kinanda cha Salt Lake City zimesimama filimbi kubwa zinazong'aa, na 10 kati yake ni za mbao, za tangu siku zake. Zingali zinalia mpaka leo. Yeye aliiacha nchi yake akitafuta dhahabu. Na filimbi zake zimepakwa dhahabu.