Shantou: Mji wa Uchina uliolelewa na barua za wahamiaji

MGENI anayeshuka garimoshi mjini Shantou, katika pwani ya kusini mwa Uchina, anahitaji siku mbili tu kuuzuru mji mkongwe. Lakini huenda akaondoka bila kuufahamu iwapo hatajua jambo moja: sehemu kubwa ya anachokiona ilijengwa kwa jasho la watu waliokuwa ng'ambo.

Shantou, ulio katika mkoa wa Guangdong, ulikuwa na wakazi wapatao milioni 5.5 wakati wa sensa ya mwaka 2020. Wengi wao ni Wateochew, jamii yenye lugha na mapishi yake. Wazungu wa zamani waliuita mji huo Swatow.

Tangu jadi ardhi ya eneo hilo ilikuwa finyu ilhali watu walikuwa wengi. Fauka ya hayo, ukame na tufani ziliwaandama. Tufani iliyopiga Agosti 1922 iliangamiza makumi ya maelfu ya watu.

Suluhu ilikuwa bahari. Kutoka bandari ya Zhanglin, iliyo Chenghai, kaskazini mwa Shantou, ziling'oa nanga merikebu zilizopakwa rangi nyekundu kwenye omo, kwa amri ya utawala wa kifalme, ili zitambulike kuwa za Guangdong. Zilienda kusini kwa pepo za kipupwe na kurejea kwa pepo za kiangazi, kama majahazi ya Afrika Mashariki yalivyotegemea kaskazi na kusi.

Babake Taksin, aliyekuwa mfalme wa Siam kuanzia 1767 hadi 1782, alitoka Chenghai.

Mwaka 1860 bandari ya Shantou ilifunguliwa kwa biashara ya kigeni, kufuatia mkataba wa Tianjin wa 1858. Meli za mvuke zikachukua nafasi ya merikebu, na katika miongo iliyofuata mamilioni ya watu wakaelekea Siam (sasa Thailand), Malaya, Singapore, Vietnam na Sumatra. Baadhi walikuwa wafanyabiashara. Wengine walikuwa vibarua waliofungwa na mikataba, na miongoni mwao wapo waliohadaiwa.

BARUA NA MASURUFU

Aliyeondoka aliacha nyuma mke, wazazi na aghalabu deni la nauli. Hapo ndipo ulipozuka utaratibu uitwao qiaopi, yaani barua na fedha zilizotumwa kwa pamoja.

Hapo mwanzo barua hizo zilibebwa na matarishi waliosafiri huku na huko kwa meli. Baadaye yakaanzishwa maduka maalumu yaliyofanya kazi kwa mtindo unaokaribiana na hawala. Mhamiaji alilipa fedha Bangkok au Singapore, duka likaandikisha kiasi hicho na kuipa barua alama yake, kisha mshirika wa duka hilo mjini Shantou akamtuma tarishi kijijini kwa miguu.

Tarishi hakuondoka mikono mitupu. Familia ilitakiwa kuandika jibu fupi papo hapo, nalo likarudishwa ng'ambo kama stakabadhi. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, walisomewa na kuandikiwa.

Aliyewasili ugenini bila senti aliweza kukopeshwa na duka fedha kidogo, atume nyumbani habari kwamba amefika salama. Deni hilo alililipa alipopata kazi. Biashara yote ilisimama juu ya uaminifu: duka lililopoteza fedha ya mjane mmoja lingepoteza wateja wa kijiji kizima.

Ndani ya barua kulikuwa na mgao: nyanya apewe kiasi hiki, shangazi kiasi kile, karo ya mtoto isisahaulike. Mtu aliyekosekana nyumbani kwa miaka 20 aliendelea kuitawala kaya yake kwa kalamu.

Uzito wa barua hizo ulidhihirika zilipokatika. Wajapani waliiteka Shantou Juni 1939, na vita vilipoenea Kusini Mashariki mwa Asia kuanzia Desemba 1941, njia nyingi za fedha zilifungwa. Njaa ilipozuka mwaka 1943, familia zilizozoea kuishi kwa masurufu ya ng'ambo zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi.

MAJENGO NA MAPISHI

Katika mtaa wa Xiaogongyuan, katikati ya mji mkongwe, njia zinatawanyika kutoka banda la ukumbusho kama mbavu za mwavuli. Maduka ya ghorofa yana baraza zinazowakinga wapita njia dhidi ya jua na mvua, mfano wa yale ya Singapore. Mengi yalijengwa kwa mtaji wa wahamiaji katika miaka ya 1920 na 1930.

Huko Chenghai kuna kasri la ukoo wa Chen, uliotajirikia biashara ya mchele Bangkok. Ujenzi wake ulianza 1910 na kukatizwa na vita, hata hivyo lina vyumba zaidi ya 500.

Mezani pia historia imo. Mchuzi wa shacha, unaoliwa na nyama ya ng'ombe, ulitokana na sate, mishikaki ya Wamalay. Wahamiaji waliorejea ndio walioleta ladha hiyo.

Uhusiano huo haujafa. Mwaka 1980 Uchina iliiteua Shantou kuwa mojawapo ya maeneo manne ya kwanza maalumu ya kiuchumi, ikizingatia matajiri wenye asili ya huko. Chuo Kikuu cha Shantou, kilichoanzishwa 1981, kilifadhiliwa na Li Ka-shing, bwanyenye wa Hong Kong aliyezaliwa Chaozhou.

Mwaka 2013 shirika la Unesco liliziingiza barua za qiaopi za Guangdong na Fujian, zaidi ya 160,000, katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Baadhi huonyeshwa katika makavazi maalumu mjini Shantou.

Si kila barua ilikuwa ya heri. Wapo wanaume waliooa tena ugenini, na wapo waliofia huko. Mke aliyebaki kijijini alijua mambo yameharibika pale tarishi alipopita mlangoni pake bila kusimama.

Anayezuru makavazi hayo haoni fedha. Zilinunua mchele na kulipa madeni kitambo. Kilichosalia ni majina ya waliostahili kupewa na kiasi cha kila mmoja, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa mbali asiyetaka kusahauliwa.