Uchunguzi na Urekebishaji wa Hitilafu za Ovadraivu katika Magari ya Zamani ya Michezo: Mfano wa Safari ya Tanga hadi Horohoro

1.0 Utangulizi

Mashindano ya Coronation Safari yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 2003, East African Safari Classic Rally imeyarejesha magari ya zamani katika barabara za ukanda huu. Baadhi ya magari ya Kiingereza ya enzi hizo, yakiwemo Triumph TR, Austin-Healey 3000 na MGB, yalifungwa ovadraivu ya Laycock de Normanville. Makala haya yanafafanua namna ya kubaini chanzo cha hitilafu za kifaa hicho, hususani cha aina ya A. Hoja kuu ni kwamba uchunguzi uanzie nje kwenda ndani, kwa kuwa kushusha giaboksi mapema ni gharama ambayo mara nyingi haihitajiki.

2.0 Namna Ovadraivu Inavyofanya Kazi

Ovadraivu hukaa nyuma ya giaboksi. Ndani yake mna gia-jua, gia-sayari zinazoizunguka, na pete yenye meno ya ndani inayozungusha propela. Katika mwendo wa kawaida, springi huibana klachi ya koni dhidi ya pete, hivyo sehemu zote huzunguka pamoja. Dereva anapowasha swichi, solenoidi huvuta mkono unaofungua vali. Oili yenye presha husukuma pistoni, nazo huihamisha koni hadi kwenye pete ya breki. Gia-jua husimama, na propela huzunguka kwa kasi kuliko shafti ya giaboksi. Katika barabara ya lami ya kilomita 65 kutoka Tanga hadi Horohoro, faida yake ni injini kuzunguka taratibu bila kupunguza mwendo wa gari.

3.0 Hatua za Uchunguzi

3.1 Ovadraivu haiingii

Hatua ya kwanza ni kupima oili, kwani giaboksi na ovadraivu hutumia oili moja. Ikipungua, pampu hunyonya hewa na presha hushuka.

Hatua ya pili ni umeme. Injini ikiwa imezimwa, funguo na swichi ya ovadraivu vikiwa vimewashwa na gia ya nne imeingizwa, mlio wa solenoidi usikike. Usiposikika, zikaguliwe fyuzi, rilei, swichi iliyo juu ya giaboksi na ethi. Chumvi ya hewa ya pwani huota kutu kwenye viunganishi, hivyo visafishwe kabla ya kununua kifaa kipya.

Mlio peke yake hauthibitishi kwamba mkono umefika mwisho. Hapa ampea ndizo zinazotoa ushahidi. Solenoidi ya aina ya A huvuta kwa takribani ampea 15 hadi 20, kisha hushikilia kwa takribani ampea 1. Kipimo kikibaki juu, mkono haujakamilisha safari yake, na solenoidi itaungua. Kubadilisha solenoidi bila kurekebisha mkono ni kuunguza nyingine. Marekebisho hufanywa solenoidi ikiwa imevuta: tundu la mkono lilingane na tundu la kasha, na pini ya inchi 3/16 ipite katika yote mawili.

Mkono ukiwa sahihi, ndipo vali ya gololi ikaguliwe kama ina uchafu, na presha ipimwe kwa geji magurudumu yakizunguka, kwa sababu pampu huendeshwa na shafti.

3.2 Ovadraivu haitoki

Hitilafu hii ndiyo ya hatari zaidi. Tuchukulie gari limefika Horohoro likiwa katika foleni ya kuelekea Lunga Lunga, na dereva akaombwa arudi nyuma kidogo. Ikiwa ovadraivu haijatoka, rivasi huikaza klachi ya upande mmoja wakati gia-jua imezuiwa; kitu lazima kivunjike. Kwa hiyo gari lisirudishwe nyuma hata hatua moja. Lisukumwe mbele, gia ikiwa huru.

Kwanza waya wa solenoidi uchomolewe. Mkono ukirudi, kosa ni la umeme. Usiporudi, solenoidi au mkono umekwama. Mkono ukirudi lakini ovadraivu ikabaki, huenda tundu dogo la shina la vali limeziba na oili haipati njia ya kutoka. Vali hutolewa kwa juu, husafishwa na kurudishwa bila kushusha giaboksi. Likiwa wazi, koni yenyewe yaweza kuwa imenata. Pete ya breki igongwe taratibu kwa nyundo laini.

3.3 Ovadraivu inateleza

Kuteleza ikiwa imeingia huashiria presha ndogo au koni iliyolika. Kuteleza katika rivasi, au injini kutolizuia gari kwenye mteremko, huelekeza kwenye koni au springi zake. Hapo tu ndipo kushusha giaboksi kunapohalalika.

4.0 Hitimisho

Mjadala huu unaonesha kwamba dalili moja yaweza kuwa na vyanzo kadhaa, na kwamba mpangilio wa vipimo ndio unaovitenganisha: oili, umeme, mkono, vali, presha, na mwisho koni. Fundi anayeufuata hutenga kosa la waya na kosa la chuma kabla ya kufungua giaboksi, na dereva anayeujua hasogezi gari nyuma kabla ya kuhakikisha kwamba ovadraivu imetoka.