Saa ya mzamiaji: kasha la asili au la badala?

Msikilizaji wetu mmoja aliyeko Muscat ametuandikia kuhusu saa ya kupigia mbizi aliyoachiwa na marehemu baba yake, Rolex Submariner namba 5513. Mnunuzi amemtajia bei iliyo chini ya nusu ya ile aliyoitarajia, akidai kwamba kasha lake si la asili. Atajuaje ukweli?

Kwanza, kasha la badala si lazima liwe bandia. Aina hiyo ilitengenezwa tangu mwaka 1962 hadi 1989, na saa zilizofanya kazi baharini ziliweza kuliwa na chumvi hadi zikashindwa kuzuia maji. Kiwanda chenyewe kiliweza kuweka kasha jipya. Saa ilirudi ikiwa salama, ila imepoteza historia yake, na wakusanyaji hulipia historia hiyo.

Dawa ni kuvua mkanda. Upande wa alama ya pembetatu, yaani saa sita kwa hesabu yetu Waswahili, baina ya masikio mawili yanayoushika mkanda, husomeka namba ya aina. Upande wa chini husomeka namba ya mfululizo, ambayo hukadiria umri wa kasha. Kisha fundi afungue mfuniko wa nyuma. Hadi mapema miaka ya 1970, ndani yake palipigwa chapa ya robo ya mwaka na mwaka wenyewe, kwa mfano IV.68. Namba na chapa zikipishana kwa miaka mingi, basi kimojawapo kimebadilishwa. Tahadhari: mfuniko huhamishwa kwa urahisi kuliko kasha.

Umbo nalo husema. Submariner za kwanza za miaka ya 1950 hazikuwa na vilinzi vya chuma kandokando ya kitufe cha kutilia ufunguo. Vilikuja na aina ya 5512 mwaka 1959. Vya mwanzo vilichongoka, na baadaye, katika miaka ya 1960, vikaviringwa. Hata hivyo, fundi mwenye tupa anaweza kukichonga cha mviringo kikachongoka, kwa hiyo kioo cha kukuzia kisiwe mbali. Masikio yaliyokonda yanaonyesha kung'arishwa mara nyingi, jambo linaloharibu kasha la asili lakini halilifanyi kuwa la badala.

Saa za 5513 zilizotolewa kwa jeshi la Uingereza katika miaka ya 1970 zilikuwa na vijiti vya mkanda vilivyochomelewa, na nyuma zilichorwa mshale. Za jeshi la majini zina tarakimu 0552. Mfuniko wenye mshale juu ya kasha lisilo na dalili ya vijiti hivyo unadai maelezo.

Msikilizaji wetu atafute risiti za karakana katika makaratasi ya mzee. Na siku atakapoipeleka saa kutengenezwa, aandikishe kwamba kasha lisibadilishwe wala kung'arishwa bila idhini yake.