Puti: Milimita Tatu za Mwisho

Mnunuzi mjanja wa gari lililotumika haanzi na injini. Huzunguka bodi akiwa na kisumaku kilichovikwa kitambaa kisije kikakwaruza rangi, akikigusisha kwenye madigadi, kwenye milango, kwenye kingo za chini. Penye bati hung'ang'ania. Penye puti nene hudondoka. Bampa ya plastiki na boneti ya alumini havishiki sumaku hata vikiwa vipya, na wapo wauzaji waliokwisha kushutumiwa bure kwa sababu hiyo. Wenye fedha hutumia kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na kifaa kikisoma 1,000 na kuendelea, hapo chini kuna puti bila shaka.

Ugunduzi huo hugeuka mara moja kuwa hoja ya kupunguziwa bei, kwa sababu puti ina jina baya. "Hilo gari ni puti tupu" ni hukumu inayotolewa kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Grogan ya Nairobi. Lakini kosa huwa si la puti. Ikiwekwa kwa unene wa milimita mbili au tatu, juu ya bati lililonyooshwa na kusafishwa, inaweza kukaa miaka yote ambayo gari lenyewe litaishi. Inayopasuka, inayovimba na kubanduka vipande vipande ni ile iliyopewa kazi ya nyundo.

Kabla ya puti, mafundi walijaza mabonyeo kwa risasi. Mchanganyiko wake, mara nyingi asilimia 70 ya risasi na 30 ya stani, uliyeyushwa kwa moto wa gesi, ukasambazwa juu ya bodi kwa kibao cha mti, kisha ukachongwa kwa tupa. Kazi hiyo ilidai mkono uliokomaa: moto ukizidi kidogo bati linajikunja na risasi inachuruzika sakafuni. Tena ilikuwa sumu. Mwaka 1955 Robert Merton Spink, Mmarekani aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia na kumiliki gereji ya bodi huko Miami, Florida, alitengeneza lahamu ya plastiki isiyohitaji moto, akaiita Bondo. Jina hilo lilienea Marekani hadi likawa jina la puti yoyote ile. Kampuni ya 3M iliinunua biashara hiyo mwaka 2007.

Ndani ya kopo mna resini ya poliesta iliyoyeyushwa katika kimiminika kikali kiitwacho stairini, ambacho ndicho chenye ile harufu ya gereji, pamoja na unga mwingi wa talki. Talki ni lile jiwe ambalo kwa miaka mingi lilisagwa kuwa poda ya watoto. Katika kipimo cha ugumu wa madini lina namba 1, ya chini kabisa. Ulaini huo ndio unaoifanya puti isuguliwe kirahisi kwa msasa. Hata hivyo unga huohuo hunyonya maji, na tutaona jinsi tabia hiyo inavyowatia mafundi hasara.

Kitubu kidogo kinachouzwa pamoja na kopo kina hadina. Watu husema puti "imekauka", ingawa hakuna maji yaliyoondoka: peroksaidi iliyomo katika hadina huzifanya chembe za resini zishikamane na kuwa wavu mmoja, na kazi hiyo hutoa joto linalosikika mkononi. Kipimo cha kawaida ni gramu mbili za hadina kwa kila gramu 100 za puti. Rangi yake nyekundu ina kazi: mchanganyiko ukionyesha mistari, haujakolea. Hadina ikipungua, puti hubaki laini moyoni na thina ya rangi huivimbisha. Ikizidi, peroksaidi iliyobaki hupenya juu na kuacha madoa kwenye rangi, hasa nyeupe na fedha, wiki kadhaa baada ya mteja kulipa na kuondoka.

Chukua mlango wa Toyota IST uliobonyezwa na mpini wa bodaboda. Bonyeo lina upana wa kiganja na kina cha sentimita moja, na katikati rangi imechanika. Bati la mlango huo halifikii unene wa milimita moja. Fundi mwenye haraka atasugua juujuu, atajaza sentimita nzima ya puti na kumkabidhi mteja gari jioni. Mlango utapendeza. Kisha utapigwa na jua la mchana na baridi ya usiku, bati na puti vikitanuka na kunywea kwa viwango tofauti, huku mlango ukibamizwa kila siku, na ufa wa kwanza utatokea ukingoni.

Fundi anayeijua kazi hufungua kwanza jalada la ndani la mlango. Hushika chuma kizito upande mmoja na nyundo upande wa pili, akilirudisha bati kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati, kwa mapigo mepesi, maana mapigo mazito hulinyoosha bati likawa refu kuliko nafasi yake, na bati la namna hiyo hubonyea na kurudi kila likiguswa. Hupangusa nta na mafuta kwa thina maalumu kabla ya kusugua, sio baada, ili msasa usiisukumize grisi ndani ya mikwaruzo. Halafu huondoa rangi kupita mpaka wa bonyeo kwa msasa namba 80, hadi bati ling'ae na kuwa na mikwaruzo. Puti hushika kwa kung'ang'ania mikwaruzo hiyo. Juu ya rangi inayong'aa haina pa kushika. Baada ya hapo lililobaki kujazwa ni la milimita mbili, pengine chini yake.

Kuchanganya kuna miiko yake, na gereji nyingi huvunja wa kwanza: puti huchanganywa juu ya kipande cha boksi. Boksi hunywa stairini, na kipimo kinaharibika kabla kazi haijaanza. Kioo au bati safi hufaa zaidi. Puti hukandwa kwa kuibana na kuikunja, kwani kuikoroga kwa kasi huingiza hewa, na kila povu la hewa litakuwa kitundu wakati wa kusugua. Tabaka la kwanza hubanwa kwa nguvu ndani ya mikwaruzo, likiwa jembamba sana. La pili ndilo linalojaza.

Muda ni mfupi. Makopo mengi hukadiria dakika nne au tano katika nyuzijoto 20. Pwani, mchana wa Februari, kwenye bodi iliyoachwa juani, puti inaweza kugeuka mawe fundi akiwa bado anatafuta kisu cha kusambazia. Dawa ni kuchanganya kiasi kidogo na kuliingiza gari kivulini, sio kuipunja hadina.

Kusugua huanza kwa namba 80, kisha 150 au 180, mwisho 240 au 320, msasa ukiwa umeviringishwa kwenye kibao kirefu, kwa sababu vidole huchimba mabonde. Macho hayatoshi hapa. Mafundi hupitisha kiganja juu ya kitambaa, polepole, kuanzia kwenye bati zima hadi kwenye puti na kutoka upande wa pili. Wengine hupuliza vumbi jembamba la rangi nyeusi na kusugua tena: palipobaki peusi ni bondeni, pamebonyea, panahitaji kuongezwa.

Ndipo inapoletwa ndoo ya maji. Msasa wa maji hauna vumbi na hauzibi haraka, kwa hiyo unapendwa. Kwenye praima na rangi unafaa sana. Kwenye puti iliyo wazi ni kosa. Talki hunyonya maji, maji hufika kwenye bati, praima hufunika juu, na miezi michache baadaye rangi hutoka malengelenge. Puti husuguliwa kavu. Vumbi lake ni adha, nalo linadai barakoa ya kweli, sio leso iliyofungwa puani. Mvuke wa stairini hupenya barakoa ya vumbi bila taabu, na shirika la IARC, linalochunguza visababishi vya saratani, mwaka 2018 liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinaleta saratani kwa binadamu. Kazi hii haifai chumba kilichofungwa madirisha.

Kuna mahali puti haiwezi kitu: tundu la kutu. Magari ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam huishi na upepo wa chumvi, na milango huanza kuoza chini, maji yanapotuama. Kuziba tundu kwa gazeti na kulipaka puti juu ni kuyafungia maji ndani pamoja na kutu, ambayo inaendelea kula bati kwa nyuma. Tundu hukatwa hadi kwenye chuma kizima, kiraka cha bati kikachomelewa, kiungo kikasagwa kwa grenda, ndipo puti ikapita juu yake kwa wembamba. Upande wa ndani hupuliziwa nta ya kuzuia kutu, na vile vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye ukingo wa chini wa mlango, ambavyo puti huvifunika mara nyingi bila mtu kujua, huzibuliwa kwa waya kabla gari halijarudishwa kwa mwenyewe.