Je, Wajua? Tarakimu 79 kwa mkupuo

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Pittsburgh, Marekani, alisomewa tarakimu 79 mara moja tu, kisha akazitaja zote kwa mpangilio. Mwanzoni aliweza kushika tarakimu 7 tu, kama wewe na mimi. Mazoezi yalimchukua zaidi ya saa 230.

Siri yake ilikuwa miguuni. Alikuwa mkimbiaji, hivyo 3492 aliisikia kama dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa mbio za maili. Alipopewa herufi? Akaporomoka hadi 6 hivi!

Bila mbinu kama hiyo, kumbukumbu huyeyuka haraka. Katika jaribio la mwaka 1959, watu waliopewa herufi 3 tu, kisha wakahesabu kinyumenyume tatu-tatu, walizisahau karibu zote ndani ya sekunde 18. Ndiyo maana salamu moja ya njiani yatosha kufuta namba ya simu uliyotoka kuisikia.