Muziki wa Vyombo Vingi: Santuri Tatu za Kuanzia

Twajua kwamba wengi wenu msikiapo okestra kubwa husema, "Hizo ni kelele za fidla, tena si zetu," mkaifunga redio. Hamkukosa, mlianzishwa mahali pasipofaa. Mtu hafundishwi kuogelea kwa kutupwa katikati ya Ziwa Nyasa.

Yawapasa mfahamu kwanza kwamba sikio la kuusikia muziki huo mnalo. Huko Ikinga, katika milima ya Ileje, kwaya za sauti nne si jambo geni. Na Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, ni watu wa tarumbeta tangu kwao. Awezaye kuifuata besi huku sauti ya juu ikienda njia nyingine, amekwisha kuvuka nusu ya safari. Okestra nayo ni kwaya, ila waimbaji wake ni vyombo, navyo ni jamaa nne: vya nyuzi, vya kupuliza vya mti, vya shaba, na vya kupigwa.

Santuri ya kwanza ni hadithi ya Petro na Mbwa-mwitu, aliyoitunga Mrusi Sergei Prokofiev mwaka 1936. Ndege ni filimbi, paka ni klarineti, babu ni basuni yenye sauti nene, mbwa-mwitu ni mabaragumu matatu, na bunduki za wawindaji ni ngoma. Twaisifu ile ya Leonard Bernstein na New York Philharmonic. Msimulizi hunena Kiingereza. Lakini asiyekijua hapotei, maana asikiapo filimbi ajua kwamba ndege yupo.

Ya pili ni mwongozo wa okestra kwa vijana, alioutunga Benjamin Britten mwaka 1945. Wimbo mmoja wa Henry Purcell hupigwa na wote, kisha na kila jamaa, kisha vyombo vyaonyeshwa kwa zamu. Mwishoni vyaingia kimoja baada ya kimoja, kama watu wajao shambani kusaidiana kazi. Britten mwenyewe aliiongoza London Symphony Orchestra katika santuri ya mwaka 1963.

Ndipo mtakapokuwa tayari kwa ya tatu: Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyosikiwa kwanza Vienna mwaka 1808. Tafuteni ile ya Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic, iliyotolewa mwaka 1975. Huanza kwa sauti nne tu: tatu fupi, moja ndefu. Zishikeni, kwani sehemu yote ya kwanza imejengwa juu yake. Sikilizeni sehemu hiyo peke yake, kama dakika saba, na kesho mwirudie, kabla ya kuendelea mbele.

Wala msidhani muziki huu una mwenyewe mmoja. Kinshasa, waumini wa Kanisa la Kimbangu walianza okestra yao mwaka 1994, wakipokezana fidla chache. Baadaye wakampiga Beethoven huyo huyo. Walianza kidogo kidogo. Nasi tufanye vivyo hivyo.